Askofu Edward Steere na Safari ya Kiswahili hadi Kulamawe

Mazungumzo kwa wakazi wa Kulamawe, Kaunti ya Isiolo



Jina la mahali hapa ni la Kiswahili. Ni maneno mawili, kula na mawe. Lakini ukipita nyumba kwa nyumba jioni, utasikia Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kimeru na Kisamburu kabla ya kusikia Kiswahili. Kiswahili hutoka nje watu wa nyumba mbalimbali wanapokutana: dukani, kisimani, kwenye soko la mifugo, hospitalini, katika baraza la chifu. Katika kaunti yenye jamii nyingi kama Isiolo, ndiyo lugha ambayo hakuna jamii inayoweza kuiita yake peke yake, na kwa hiyo kila mtu huikalia kama mti wa kivuli.

Mazungumzo haya yanahusu mtu mmoja aliyeishi karne ya 19, mbali na hapa, ambaye kazi yake ilichangia Kiswahili kinachoandikwa leo katika vitabu vya shule na katika jarida kama hili. Alikuwa askofu wa Kanisa la Anglikana, jina lake Edward Steere. Wasomaji wengi wa Kulamawe ni Waislamu, na kisa hiki hakihitaji mtu awe wa dini fulani ili kimhusu. Kinahusu biashara ya kuuza watu, lugha, na haki ya mtu wa kawaida kuelewa anachoambiwa.

Wakili aliyegeuka kasisi

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London na akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1850. Kazi ya mahakama haikumshika. Mwaka 1856 akaingia katika huduma ya kanisa, akatumwa kwenye parokia za mashambani, mwishowe akawa kasisi wa kijiji kidogo katika jimbo la Lincolnshire. Kama mambo yangebaki hivyo, hakuna mtu wa Afrika Mashariki ambaye angelijua jina lake.

Kilichobadilisha maisha yake ni urafiki. Mwaka 1857 mpelelezi David Livingstone alizungumza katika Chuo Kikuu cha Cambridge kuhusu biashara ya watumwa katika Afrika ya Kati. Baadhi ya waliomsikia wakaanzisha misheni iliyojulikana kama Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki kwa homa karibu na mto Shire mwaka 1862, muda mfupi baada ya kufika. Aliyechaguliwa kuchukua nafasi yake alikuwa William Tozer, rafiki wa Steere. Steere akakubali kumsindikiza rafiki yake kwa muda tu. Mkewe, ambaye afya yake haikuwa nzuri, alibaki Uingereza.

Safari ya bonde la Shire ilishindikana. Homa, njaa na vita viliwafanya warudi nyuma. Tozer akaamua kwamba badala ya kujitupa bara bila maandalizi, misheni ianzie Unguja, mahali ambapo njia zote za misafara zilikutana. Tozer na Steere walifika Unguja mwishoni mwa Agosti 1864. Steere alikuwa na umri wa miaka 36. Ule muda mfupi wa kumsindikiza rafiki ukawa kazi ya maisha.

Watoto watano na mashine ya kuchapa

Unguja ya wakati ule ilitawaliwa na Seyyid Majid bin Said. Ilikuwa mji wa karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Kila mwaka maelfu ya watu walioletwa kutoka bara, hasa kutoka upande wa ziwa Nyasa, waliuzwa katika soko la wazi huko Mkunazini. Wengine walibaki katika mashamba ya karafuu, wengine wakapakiwa kwenye majahazi kwenda Uarabuni.

Muda mfupi baada ya wageni hawa kufika, Seyyid Majid aliwakabidhi wavulana watano waliokuwa wamechukuliwa kutoka kwenye jahazi lililobeba watumwa kinyume cha sheria. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Ni vizuri kusimama kidogo hapa. Watoto hao walikuwa wametekwa kwao, wakauzwa, wakapakiwa, wakakamatwa tena, kisha wakakabidhiwa kwa watu wengine wasiowajua. Hakuna aliyewauliza wanataka kwenda wapi. Mmoja wao, John Swedi, baadaye alipewa cheo cha kwanza cha utumishi katika kanisa hilo mwaka 1870.

Steere alikuwa amekuja na mashine ndogo ya kuchapa. Aliwafundisha wavulana kupanga herufi za risasi, kupaka wino na kubana karatasi. Vitabu vya kwanza vya misheni vilitoka mikononi mwa watoto hao.

Tatizo lilikuwa lugha. Kiswahili hakikuwa lugha isiyoandikwa, kama wengine wanavyodhani. Kwa muda mrefu watu wa pwani walikuwa wakikiandika kwa herufi za Kiarabu, na tenzi zilizokuwa zimehifadhiwa kwa maandishi hayo zilianzia angalau karne ya 18. Barua, mikataba na mashairi yalikuwepo. Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, naye alikuwa amekusanya maneno mengi na kuandika sarufi kwa kufuata Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Lakini Kiunguja kilikuwa ndicho lugha iliyosafiri na misafara kwenda bara, na hakikuwa na kitabu cha kumsaidia mgeni kujifunza wala cha kumsaidia mtoto kusoma kwa herufi za Kilatini.

Sheikh na zaburi

Steere hakujifunza Kiswahili peke yake, na yeye mwenyewe alikiri hivyo katika dibaji ya kitabu chake. Kuna kisa kimoja humo kinachostahili kusimuliwa hapa Kulamawe.

Miongoni mwa marafiki zake wa Unguja alikuwemo mwanachuoni wa Kiislamu, Sheikh Abdulaziz. Sheikh huyu alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwenda Kiswahili, tena Kiswahili bora na safi kuliko chote alichokijua. Akaanza. Alipofika zaburi ya 16, kazi ikasimama. Steere alitaja sababu mbili. Ya kwanza, Sheikh alikuwa na shughuli nyingi. Ya pili, Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi mno kwa watu waliokusudiwa kukisoma.

Sababu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito. Kiswahili cha Sheikh hakikuwa na kosa. Kilikuwa kizuri mno. Kilijaa maneno ya wanavyuoni, na msomaji aliyekusudiwa alikuwa mtoto wa Kiyao aliyefika pwani akiwa amefungwa kamba, au mpagazi wa Kinyamwezi aliyejifunza lugha njiani. Kitabu kilichoandikwa kwa ufasaha wa juu kingemwacha mtu huyo nje ya mlango. Hivyo Steere akaendelea kuwasikiliza watu wa kawaida, akiandika wanavyosema sokoni, majumbani na shuleni, na kuwauliza tena na tena.

Hata hivyo hakuutupa ufasaha. Mwaka 1870 alitoa vitabu viwili. Kimoja kilikuwa mwongozo wa Kiswahili wenye sarufi na msamiati. Kingine kilikuwa mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na Waunguja, zikiwa zimewekwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo mna hadithi ya Sultani Darai na paa wake, mna habari za shujaa Liongo, na mna ile ya kima na papa, ambayo watoto wa Kenya wanaisoma shuleni hadi leo: kima anayepanda mgongoni mwa papa, na akiambiwa kwamba moyo wake unatakiwa, anasema ameuacha mtini. Wasimulizi wa Unguja ndio wenye hadithi hizo. Steere aliziandika na kuzichapisha.

Katika kuandika, alifuata kanuni rahisi: irabu zitamkwe kama za Kiitaliano, na konsonanti ziwe karibu na za Kiingereza. Mtoto wa leo wa darasa la kwanza anayesoma a, e, i, o, u bila kubahatisha yumo ndani ya kanuni hiyo. Steere pia alikusanya maneno ya Kishambaa, Kiyao na Kinyamwezi, akiamini kwamba watu wa bara wanastahili kusomeshwa kwa lugha wanazozijua.

Soko linafungwa

Steere alikwenda Uingereza mwaka 1868, akarejea Unguja mwaka 1872. Mwaka huohuo kimbunga kikubwa kilipiga kisiwa, kikang'oa minazi na mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini. Tozer alikuwa mgonjwa na akaacha kazi. Mzigo wote ukamwangukia Steere.

Mwaka uliofuata likatokea jambo lililobadilisha historia ya pwani. Serikali ya Uingereza ilimtuma Bartle Frere kumtaka Sultani mpya, Seyyid Barghash, apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Barghash alikataa kwanza, kwa sababu mapato ya dola yake na utajiri wa watu wake wakubwa vilitegemea biashara hiyo. Akatishiwa kwamba manowari zingefunga bandari. Tarehe 5 Juni 1873 akatia saini mkataba, na masoko ya watumwa yakafungwa.

Sehemu ya uwanja wa soko la Mkunazini ilinunuliwa kwa ajili ya misheni, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa pale pale ambapo watu walikuwa wakipangwa na kupigiwa bei. Kabla ya jengo kuinuka, Steere alikuwa akihubiri uwanjani hapo kwa Kiswahili, na Waislamu wa mjini walikuja kusikiliza na kujadiliana naye.

Tarehe 24 Agosti 1874 aliwekwa wakfu kuwa askofu, London, kisha akarudi Unguja.

Ujenzi aliusimamia mwenyewe. Hakuwa mhandisi, lakini alijaribu mchanganyiko wa saruji na matumbawe yaliyopondwa hadi akapata unaofaa, na paa likajengwa kwa kuba refu lisilo na boriti. Sherehe ya kufungua kanisa ilifanywa Krismasi ya 1879. Jengo lingali limesimama, na wageni wanaokwenda Mkunazini huonyeshwa mahali ambapo, kwa masimulizi ya mji, palikuwa na mti wa kuchapia watumwa.

Barabara ya kurudi

Kufungwa kwa soko hakukumaliza utumwa. Wafanyabiashara waliozibiwa njia ya baharini waliwatembeza mateka kwa miguu kando ya pwani. Mwaka 1875 Steere alikwenda kwa miguu kutoka Lindi hadi kwa Mataka, mtawala wa Wayao karibu na ziwa Nyasa. Njiani alikutana na misafara ya mateka ikiteremka pwani. Aliandika alichokiona, na kijitabu chake kikachapishwa mwaka 1876. Mwaka huohuo Seyyid Barghash alipiga marufuku pia misafara ya nchi kavu.

Mwaka 1876 Steere alifanya safari ya namna nyingine. Kule Mbweni, nje ya mji wa Unguja, walikuwepo watu wazima walioachwa huru ambao kwao kulikuwa bara ya kusini. Aliondoka na kundi lao, wanaume, wanawake na watoto, wakashuka Lindi na kupanda bara. Kusudi lilikuwa kuwafikisha karibu na Nyasa. Walipofika Masasi, wakaona ardhi ni nzuri na maji yapo, wakataka kukaa hapo. Askofu akakubali. Mji wa Masasi wa leo, kusini mwa Tanzania, una mizizi katika kijiji hicho.

Haikuwa kurudi nyumbani kwa kweli. Wengi wao walitekwa wakiwa wadogo, na vijiji vyao vilikuwa vimechomwa au kuhamishwa. Lakini safari hii, tofauti na ile ya kwanza, walitembea bila kamba, na mahali pa kusimama walipachagua wao.

Mwisho wa Steere

Edward Steere alifariki Unguja mwishoni mwa Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54. Alizikwa ndani ya kanisa alilolijenga, nyuma ya altare. Alikuwa amekwisha kutafsiri Agano Jipya na sehemu kubwa ya kitabu cha sala.

Mwaka 1884 kanisa lake liliweka askofu wa kwanza wa eneo linaloingia Kenya ya leo, James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Na mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa na kusomeshwa Unguja, akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni ile.

Kilichofuata katika lugha

Kitabu cha Steere kilirekebishwa na A. C. Madan, ambaye baadaye aliandika kamusi zake. Kamusi za Madan nazo ndizo zilizokuwa msingi wa kamusi sanifu iliyotolewa chini ya Frederick Johnson mwaka 1939. Katikati ya hayo, mwaka 1928, wawakilishi wa serikali za kikoloni na misheni walikutana Mombasa kuamua ni Kiswahili kipi kitumike mashuleni Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Wakachagua Kiunguja. Mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi ya kukisanifisha.

Uamuzi huo ulileta faida: mtoto wa Isiolo na mtoto wa Mtwara wanaweza kusoma kitabu kimoja. Ulileta pia hasara. Kimvita na Kiamu, lahaja zenye mashairi makubwa kuliko zote, ziliwekwa kando, na waliokutana kuamua hawakuwa watu wa pwani wenye lugha. Mwalimu Shihabuddin Chiraghdin wa Mombasa alilitetea jambo hilo kwa miaka mingi, na yeye pamoja na Mathias Mnyampala wa Tanzania waliandika historia ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1977, wakieleza kwamba lugha hii ilizaliwa na Waafrika wa pwani, si na wageni walioikuta.

Kwa hiyo Steere apewe haki yake kama msikilizaji na mchapaji. Haki ya mwenye lugha ni ya kina Sheikh Abdulaziz, ya wasimulizi wa hadithi, na ya wavulana waliopanga herufi.

Linaloihusu Kulamawe

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kifungu hichohicho kinaitaka serikali ilinde lugha za jamii, pamoja na lugha ya ishara na maandishi ya wasioona. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo inazitaka kaunti ziwasiliane na wananchi na kuwashirikisha katika mipango.

Sasa mfikirieni mama mwenye mbuzi ishirini, anayeitwa kwenye kikao cha maoni kuhusu bajeti. Anapewa karatasi. Ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, haki yake imeishia mlangoni. Ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili cha kamusi kilichojaa maneno ambayo hata mwalimu lazima ayatafute, hali yake haina tofauti kubwa. Atakaa mpaka mwisho, atatia kidole gumba kwenye orodha ya waliohudhuria, na atahesabiwa kuwa ameshirikishwa. Ndilo jambo alilokutana nalo Steere alipofika zaburi ya 16.

Mkazi ana haki ya kusimama katika kikao na kusema, "Hapo sijaelewa, elezeni tena." Ana haki ya kuomba mkalimani wa Kiborana, Kisomali au Kiturkana. Afisa anayeulizwa hivyo hajatukanwa. Amekumbushwa kazi yake. Na kijana aliyesoma, anayemsaidia mzee kuelewa tangazo la maji, la chanjo ya ng'ombe au la basari, anafanya kazi yenye thamani hata kama hailipwi.

Kuna kazi nyingine inayowasubiri vijana wa hapa. Steere alipata hadithi za Unguja kwa sababu alikaa chini akasikiliza, akaandika, kisha akachapisha. Wazee wa Isiolo wana hadithi zao, majina ya visima na malisho, habari za miaka ya ukame na za amani zilizofanywa baada ya ugomvi, katika lugha zao wenyewe. Simu iliyo mkononi mwa kijana hurekodi vizuri kuliko kalamu ya askofu. Anayerekodi aandike na jina la mzee aliyesimulia, ili wajukuu wajue maneno hayo yalikuwa ya nani.